Nani Anafoka? Indastriali, tekno na sauti ya amri, kutoka Sheffield hadi Kampala

Katwe, hapa Kampala, yupo fundi mmoja anayenitengenezea vitu vya chuma. Siku moja nilimpelekea geti lililong'oka bawaba, nikakaa kwenye benchi kumngoja huku nimevaa iyafoni. Akazima grainda, akanyoosha mkono mweusi wa masizi, akachukua iyafoni moja na kuitia sikioni. Alisikiliza kama nusu dakika hivi. Uso haukubadilika.

"Ssebo," akasema, "hii ni grainda."

"Ni muziki, mzee wangu."

"Unanunua bando usikilize grainda, na hii ya kwangu ipo hapa bure?"

Siku ile niliishia kucheka. Lakini swali lake ni la haki, na linastahili jibu refu kuliko lile nililompa.

Alichokisikia ni muziki wenye majina mengi kiasi cha kukatisha tamaa: EBM, indastriali tekno, agroteki, pawa elektroniki, dijitali hadikoo. Wanaoupenda hubishana juu ya majina haya kama mashabiki wa Arsenal na Manchester United wanavyobishana kwenye vibanda vya mpira. Ukiyaweka majina pembeni, unabaki na kamba ya nyuzi tatu: kelele za mashine, mdundo usiochoka, na mtu anayefoka. Nyuzi mbili za kwanza huelezwa sana. Mimi naona fumbo lenyewe limo kwenye huo wa tatu, na kwamba sisi tuliokulia Uganda tukizungumza Kiswahili tuna sababu zetu za kuusikia tofauti. Lakini twende kwa mpangilio.

Neno indastriali linapotosha. Ukiambiwa "muziki wa viwandani" unadhani umetungwa na wafanyakazi wakati wa mapumziko ya chai. Sivyo. Lilianza kama kejeli. Mwaka 1975 huko Uingereza wasanii wanne waliokuwa wakifanya maonyesho ya kushtua watu waliunda kundi la Throbbing Gristle, na mwaka uliofuata wakaanzisha lebo yao, Industrial Records. Waliona kwamba kampuni za muziki zinafyatua nyimbo kama magari, kisha zinawauzia watu kama sauti ya moyo. Basi wao wakajitangaza kuwa kiwanda, bila aibu. Rafiki yao Mmarekani, Monte Cazazza, akawapa kaulimbiu: muziki wa viwandani kwa watu wa viwandani. Walitumia kanda zilizokatwakatwa, vifaa vya umeme vya kuunda wenyewe, gitaa lisilotafutiwa tyuni, na sauti zilizosimulia mambo ambayo gazeti lingeyaficha ukurasa wa ndani. Ilikuwa kazi ya kusumbua wasikilizaji, wala hakuna aliyetarajia kuicheza.

Hata hivyo viwanda vyenyewe havikuwa mbali. Cabaret Voltaire walianza mwaka 1973 mjini Sheffield, mji wa chuma cha pua, ambako wanamuziki wa kizazi kile wamesimulia mara nyingi jinsi walivyolala wakisikia nyundo kubwa za viwanda zikidunda usiku. Berlin Magharibi, mwaka 1980, likazaliwa kundi la Einstürzende Neubauten, yaani majengo mapya yanayoporomoka, ambalo ngoma zake zilikuwa vyuma chakavu, springi, mapipa na drili. Januari 1984 wanamuziki wa kundi hilo na wenzao walipanda jukwaa la ukumbi wa ICA mjini London na mashine za ujenzi, na katikati ya onyesho wakaanza kulitoboa jukwaa lenyewe. Onyesho likakatizwa. Fundi wangu angewauliza kwanza kama walivaa miwani.

Tekno ni habari nyingine kabisa, na inafaa kusemwa wazi kwamba ilianzishwa na vijana Weusi wa Marekani, maana Ulaya imeizoea kiasi cha kujisahau. Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson walifahamiana shuleni Belleville, karibu na Detroit, mji wa magari uliokuwa ukipoteza viwanda vyake. Walishika mashine za ngoma za Roland, ile 808 iliyotoka mwaka 1980 na 909 ya mwaka 1983, vitu ambavyo wanamuziki "halisi" walividharau hadi vikauzwa mtumba kwa bei ya chini. Wakajenga muziki juu ya pigo moja zito linalorudi mara nne kwa kila duru: dum, dum, dum, dum. Pigo hilo maprodyuza huliita kiki. (Siyo kiki ile ya wasanii wa Bongo wanaotafuta kuandikwa magazetini, ingawa zote mbili hazikuachi ulale.) Mwaka 1988 mkusanyiko wa nyimbo zao ulitolewa Uingereza na neno tekno likiwa kwenye jalada, jina likashika.

Watu hudhani indastriali na tekno ni nyumba mbili zilizoungana baadaye kwa ndoa ya mkeka. Ukweli ni kwamba zilichangia ua tangu mwanzo. Jeff Mills, mmoja wa wakuu wa tekno ya Detroit, alipitia kundi la Final Cut lililokuwa likipiga indastriali. Na kabla tekno haijapata jina, kulikuwa na makundi ya Ulaya yaliyokwisha kuipa kelele ya indastriali miguu ya kuchezea. Hapo ndipo sauti ya kufoka inapoingia.

Mguu sawa!

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa polisi, na nilikulia Jinja, kwenye vile vibanda vya mabati vya duara tunavyoviita mama-ingia-pole kwa sababu mlango wake mfupi unakulazimisha kuinama. Ndani ya kambi Kiswahili kilikuwa lugha ya kila kitu: ugomvi wa bombani, sala, mpira, mapenzi. Nje ya kambi kilikuwa kitu kingine. Uganda ilikifanya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kiwe somo la lazima shuleni. Lakini kwa Waganda wengi wa umri wa wazazi wangu, Kiswahili ni lugha ya askari na majambazi. Mama alipokwenda sokoni alijitahidi kununua nyanya kwa Kiganda chake kibovu, maana akisahau na kusema "bei gani", muuzaji anakunja uso na bei inapanda.

Nasema haya kwa sababu kila asubuhi niliamshwa na gwaride. Na gwaride lina sarufi yake. Amri huwa na sehemu mbili. Ya kwanza inavutwa ili kila mtu ajiandae: "Nyumaaaa..." Ya pili inakatwa kama kisu: "...geuka!" Katikati kuna kimya kifupi ambacho mwili mzima unakingojea. Mtu aliyesimama gwarideni hafikirii. Misuli yake imeshaondoka kabla kichwa hakijajua. Halafu zinafuata hatua, na kwa majeshi yaliyorithi desturi za Kiingereza mwendo wa kawaida wa gwaride ni kama hatua 116 hadi 120 kwa dakika.

Sasa sikiliza muziki uitwao EBM. Herufi hizo ni za maneno ya Kiingereza yenye maana ya muziki wa mwili wa kielektroniki, na Wabelgiji wa Front 242 ndio waliouvalisha jina hilo walipotoa kazi yao ya mwaka 1984. Mapigo yake mara nyingi huchezea kwenye 120 kwa dakika, juu kidogo au chini kidogo. Besi haiimbi, ni noti chache fupi zinazorudiwa na sikwensa bila kupumua, kama cherehani. Na juu yake mwanamume hafuati lahani yoyote, bali anatoa vitenzi. Geuka. Piga. Simama. Tena. Ni gwaride lililohamishiwa ukumbi wa disko.

Waanzilishi wa mtindo huu ni DAF wa Düsseldorf, walioanza mwaka 1978. Walipobaki wawili, Robert Görl kwenye ngoma na mashine na Gabi Delgado kwenye maiki, walitoa mwaka 1981 wimbo ambao unawaamuru wachezaji wacheze Mussolini, kisha Hitler, kisha Yesu Kristo, kana kwamba yote ni mitindo ya dansi kama chakacha au lingala. Wajerumani wengi walikasirika. Lakini Delgado alizaliwa Hispania wakati wa Franco, akapelekwa Ujerumani akiwa mtoto wa wahamiaji. Alijua sauti ya dikteta inavyofanya kazi, na aliifanya ichekeshe kwa kuitia kiuno. Baadaye wakaja Nitzer Ebb, vijana wa Essex walioanza mwaka 1982, ambao hawakuwa na mzaha mwingi. Wao walichukua sauti ya kuitikia kwa pamoja, maneno mawili matatu yanayorushwa na kurudishwa hadi yapoteze maana na kubaki pumzi.

Kwa msomaji wa Kiswahili hilo la mwisho halihitaji maelezo. Ni mchakamchaka. Mmoja anatoa, wengine wanaitika, na jibu linaangukia mguu unapogusa ardhi. Aliyewahi kukimbia mchakamchaka alfajiri, iwe shuleni Tanzania au kwenye mafunzo ya uzalendo yaliyoenea Uganda baada ya mwaka 1986, anajua jambo ambalo mwandishi wa muziki wa London atatumia kurasa tatu kulieleza: ukishaanza kuitika, uchovu unakwenda kwa mtu mwingine.

Lakini pia anajua upande wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wa utawala wa pili wa Obote, Kampala na vitongoji vyake vilikuwa vikizingirwa alfajiri, watu wanatolewa ndani na kupakiwa kwenye malori. Operesheni hizo hazina jina la Kiingereza wala la Kiganda. Zinaitwa panda gari, kwa sababu ndivyo askari walivyosema. Maneno mawili ya Kiswahili, kitenzi na nomino, na wapo waliopanda wasirudi. Hadi leo wako wazee wanaoshtuka wakisikia Kiswahili kikitamkwa kwa ukali nyuma yao.

Ndiyo maana siwezi kuitazama picha ya Front 242 wakiwa na miwani myeusi na mavazi ya kikomandoo nikaona fasheni tu, kama Mbelgiji anavyoweza kuona. Mashabiki watakwambia ni kejeli. Laibach wa Slovenia, waliotoka mji wa migodi wa Trbovlje mwaka 1980, waliifikisha kejeli hiyo mbali hadi watu hawakujua tena wacheke au wakimbie, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Sawa. Shida ni kwamba kejeli haina alama kwenye paji la uso. Kuna wanaokuja kwenye dansi kwa sababu wanaelewa mzaha, na kuna wanaokuja kwa sababu wanaipenda sare.

Nilimsikilizisha baba Nitzer Ebb, kwenye simu, akiwa amekaa barazani. Alisikiliza kwa heshima, kama anavyosikiliza mahubiri ya dini isiyo yake.

"Huyu ni kuruta," akasema.

"Kwa nini, baba?"

"Anafoka mno. Afande mwenye cheo hafoki, anasema mara moja tu."

Nikamuuliza kuhusu miaka ya panda gari, kama alikuwa Kampala. Akanirudishia simu na kuuliza kama chai imechemka.

Sauti iliyopasuka

Kuna aina nyingine ya kufoka ambayo haina uhusiano na gwaride. Hii haiamrishi. Imechanika, na mara nyingi huelewi neno hata moja. Hapa inabidi tuingie kidogo kwenye ufundi.

Sauti ikipita kwenye waya ni wimbi la umeme linalopanda na kushuka. Amplifaya ina dari. Ukilisukuma wimbi juu kuliko dari hiyo, vilele vinakatwa, vinabaki bapa, kama kichuguu kilichopitiwa na greda. Kule kukatwa hakupunguzi sauti tu. Kunazaa sauti mpya za juu ambazo hazikuwapo mwanzo, na hizo ndizo sikio linazisikia kama mikwaruzo. Kila anayeishi kwenye vitongoji vya Kampala anaijua hali hii, ila haiiti kwa jina. Ni sauti ya kizindaalo, ile spika ya pembe inayofungwa juu ya mti au nguzo sokoni, inayotangaza misiba, mbuzi waliopotea na dawa za meno. Inasikika vibaya makusudi, au tuseme kwa uzoefu: sauti iliyopasuka inapenya kelele za boda na jenereta, safi inazama.

Kwa nini inatushtua? Yowe la binadamu lina mtikisiko wa haraka sana, kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde, ambao hauko katika maongezi ya kawaida. Ubongo unaupokea kama hatari kabla hujajiuliza ni nani. Kupasua sauti kwa mashine ni njia ya kuuleta mtikisiko huo bila mtu kuumia. Njia ya pili ni koo lenyewe. Juu ya nyuzi za sauti tunazosemea kuna mikunjo mingine, wengine huiita nyuzi za bandia, ambayo kwa kawaida hukaa kimya. Waimbaji wa metali nzito hujifunza kuitikisa kwa pumzi inayosukumwa kutoka kwenye kiwambo, chini ya mbavu. Anayejua hufoka saa nzima na kesho yake anaongea vizuri. Asiyejua hupoteza sauti kwenye wimbo wa pili. Mimi nilijaribu bafuni, jirani akagonga ukuta.

Ukishalijua hilo, majina mengine yanajipanga yenyewe. Agroteki, mtindo uliopata nguvu miaka ya 1990 na 2000 kwa makundi kama Suicide Commando wa Ubelgiji na Hocico wa Meksiko, ni EBM ambayo afande wake amepitishwa kwenye kizindaalo: mdundo wa disko, vinanda vya kutisha, na sauti iliyopasuliwa na mashine hadi ikawa ala kama ala nyingine. Pawa elektroniki imetupa mdundo kabisa. Whitehouse walioanza London mwaka 1980 walibaki na mlio wa juu unaouma na mtu anayetukana. Sikufichi, huo siuwezi. Ukatili bila mdundo haunipi mahali pa kusimama. Cha ajabu, kiongozi wake, William Bennett, baadaye aliunda mradi wa Cut Hands na kutoa mwaka 2011 albamu iliyojaa midundo ya kutoka Afrika na Haiti, akaipa jina lenye Afro ndani yake. Kila mtu na safari yake.

Birmingham ilikuja na jibu jingine. Mji huo nao ni wa vyuma na magari, na ndio uliotupa metali. Surgeon, mmoja wa vigogo wa tekno ngumu ya pale, alirekodi kazi yake ya kwanza katika studio ya Mick Harris, mpiga ngoma wa zamani wa Napalm Death, kundi ambalo nyimbo zake nyingine hazifiki hata sekunde kumi. Mwenzake Regis alianzisha lebo ya Downwards mwaka 1993. Tekno yao ilikuwa kavu, ya kikatili, mara nyingi bila sauti ya mtu. Kufoka kumehamia kwenye ngoma zenyewe. Wengi wanaoiita kazi yao "indastriali tekno" leo wanatembea kwenye nyayo hizo, na kuanzia miaka ya 2010 wengine wamemrudisha mwenye maiki.

Lakini mabadiliko ninayoyajali zaidi yalitokea Berlin, mwaka 1992, walipoanza Atari Teenage Riot. Ukuta ulikuwa umeanguka, na vijana wa mrengo wa Nazi walikuwa wakichoma nyumba za wahamiaji. Alec Empire, Hanin Elias na Carl Crack, huyu wa mwisho akiwa na asili ya Swaziland, walichukua midundo iliyoharakishwa, gitaa la metali na kelele za kompyuta ya bei rahisi, wakapiga kelele wote pamoja. Wakaiita dijitali hadikoo. Kwa mara ya kwanza katika kamba hii, anayefoka si anayetoa amri. Ni anayekataa kupanda gari.

Nyege, duma na majina mengine ya kuchanganya

Sasa turudi nyumbani. Tamasha linaloitwa Nyege Nyege lilianza mwaka 2015 huko Jinja, kando ya Nile, na mwaka uliofuata ikazaliwa Kampala lebo ya Nyege Nyege Tapes. Waandaaji hueleza kwamba kwa Kiganda jina hilo ni ile hamu ya ghafla ya kucheza usiyoweza kuizuia. Msomaji wa Mombasa au Tanga ameshatabasamu, kwa sababu kwa Kiswahili ni hamu ya ghafla ya kitu kingine. Sitaki kusema tofauti hiyo ndiyo iliyoleta matatizo yote, ila mwaka 2018 waziri wa maadili alitangaza kulipiga tamasha marufuku kabla serikali haijalegeza, na mwaka 2022 Bunge likataka lisitishwe, mwishowe likaruhusiwa kwa masharti.

Wengi wanaolijua tamasha hili wanalijua kwa dansi. Wachache wanaona kejeli ya mahali lilipozaliwa. Jinja ndiyo Sheffield yetu. Bwawa la Owen Falls lilizinduliwa mwaka 1954, na umeme wake ukavuta viwanda: nguo za NYTIL, kuyeyusha shaba ya Kilembe, sabuni, chuma. Baada ya Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972 vingi vilianza kufa kimoja kimoja. Utotoni tulicheza nyuma ya maghala yenye madirisha yaliyovunjika, na ukipiga mlango wa bati kwa jiwe mwangwi ulizunguka muda mrefu kabla ya kuisha. Sikujua kwamba kuna watu Ulaya wanarekodi mlio kama ule kwa makusudi.

Lebo ya Nyege Nyege Tapes na dada yake mdogo, Hakuna Kulala, ndizo zilizoifungua kamba na kuisuka upya. Albamu ya kundi la Duma ilitoka mwaka 2020. Kundi lenyewe ni la Nairobi, Martin Khanja anayejiita Lord Spikeheart na Sam Karugu, wote wametoka kwenye metali ya Kenya, lakini albamu ilirekodiwa Kampala. Kwa Kiswahili duma ni mnyama anayekimbia kuliko wote. Wao wanasema ni giza, kwa Kikuyu. Sikiliza na utakubali zote mbili. Kiki inakimbia kama singeli, kelele zinaanguka kama bati la paa, na juu yake Spikeheart anafoka kwa mikunjo ile ya koo niliyoieleza. Mwaka 2024 alitoa albamu yake mwenyewe kwa lebo yake, Haekalu, akaitoa kwa heshima ya bibi wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha fildi mashali katika Mau Mau. Basi yowe lile lina nasaba. Limetoka msituni Nyandarua, upande wa waliokuwa wakiwindwa.

Halafu yupo MC Yallah, ambaye kwangu ndiye mwenye jibu la swali langu. Amezaliwa Kenya, amekulia Uganda, na anarap tangu mwisho wa miaka ya 1990, kwa Kiganda, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza. Kwa miaka mingi alifanya hip hop ya kawaida. Kisha akakutana na prodyuza Debmaster, wakatoa Kubali mwaka 2019, na mwaka 2023 ikafuata Yallah Beibe. Chini yake kuna mashine zinazosaga. Juu yake anatembea kwa kasi ya kutisha, kila silabi imekaa mahali pake. Kwenye albamu hiyo ya pili Spikeheart naye anaingia, na unasikia aina mbili za ukali zikikaa meza moja, wa koo na wa ulimi. Kinachonigusa ni Kiswahili chake. Ni kikali, ni cha haraka, kinagonga kama amri, lakini hakimwamrishi mtu apande popote. Sikuwahi kukisikia Kiswahili cha Uganda kikifoka hivyo nje ya gwaride.

Wengine niwapitie tu. Ecko Bazz anafoka kwa Kiganda kwenye Mmaso ya mwaka 2022. Authentically Plastic, DJ wa Kampala, mwaka huohuo alitoa Raw Space, tekno yenye midundo inayogongana bila mtu kufoka. Prodyuza wa Kijapani aliyejulikana kama Scotch Egg alikuja Kampala, akala rolex, chapati yetu ya mayai, akabadili jina kuwa Scotch Rolex. Albamu yake ya mwaka 2021, Tewari, ina Yallah na Spikeheart wote.

Na Nihiloxica siwezi kuwaruka, ingawa hawana mfokaji. Ni wapiga ngoma wa Kiganda pamoja na Waingereza wawili wa sintesaiza na dramu, walioungana Kampala mwaka 2017. Albamu yao ya mwaka 2020 inaitwa Kaloli, jina la yule ndege mkubwa mwenye upara anayekaa juu ya majalala yetu kama karani wa ushuru. Ukiisikiliza bila kuambiwa utaapa kuna mashine nyingi kuliko zilizopo. Ile besi nzito ni empuunyi; mikwaruzo ya juu ni fimbo kwenye namunjoloba; engalabi, ndefu na nyembamba, inapigwa kwa mikono mitupu na kulia kama kitu cha umeme. Buganda ilikuwa na muziki wa mwili karne nyingi kabla ya Ubelgiji kuupa herufi tatu.

Wiki iliyopita nilirudi Katwe kuchukua geti. Nilimwambia fundi nina wimbo mwingine, wa dada wa hapahapa Kampala, na kuna Kiswahili ndani. Akaomba nimtumie kwa WhatsApp, akauunganisha na spika yake ya bluetooth juu ya rafu ya nati, kisha akaendelea kusaga kona ya geti langu huku cheche zikimrukia miguuni. Baada ya muda akakunja uso, akazima grainda na kuinua kichwa, kuhakikisha kama wimbo bado unaendelea.